Namna ya kumvuta mume (au mke) mpaka apende paki za michezo kama wewe, kwa hatua, kutoka kwa mtu aliyeshindwa mara ya kwanza

Naandika kwa ajili ya wenzangu na mimi, wale ambao ukisikia tu neno Orlando, ule mji wa Florida wenye paki za michezo, moyo unadunda, ukigeuka kumwangalia mwenzio unamkuta yuko bize anakata kucha.

Mi ni mtu wa Tanga, naishi Georgia karibu na Atlanta huu mwaka wa kumi na moja. Ugonjwa wa paki niliupata kupitia wenzangu wa kazini, walinibeba wikiendi moja tukaenda Florida, nikarudi nimepagawa kabisa, wiki nzima naongea rolakosta tu, zile treni za kurusha watu juu chini. Mume wangu ni Msukuma wa Mwanza, mtu wa maneno machache, akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza alafu akauliza swali moja tu, "kwahiyo mlilipa hela ili mkapange foleni?"

Kutoka swali hilo mpaka leo imepita miaka, na safari mbili, moja ikiwa janga. Sahivi yeye ndo anayenikumbusha tarehe. Kwahiyo haya ni mambo yaliyofanya kazi kwangu, na yale yaliyoharibu nayasema pia.

Hatua ya 1: Acha kuhubiri, mchunguze kwanza

Kosa letu sisi wapenzi wa paki ni kudhani mtu asiyependa hajaona video za kutosha. Unamtumia klipu, unamtumia picha za watu wamenyoosha mikono juu wanapiga kelele, na yeye kila akiangalia anazidi kusema hapa sipo. Acha. Mtu hakatai paki nzima, anakataa kitu kimoja ndani yake, na kazi yako ni kukijua. Kuna anayeogopa urefu ila haoni raha kusema, hasa wanaume. Kuna asiyependa kelele na umati. Kuna anayeona aibu mtu mzima na ndevu zake kutembea kati ya watu waliovaa masikio ya panya. Na kuna wa hela.

Usiulize kama polisi. Mi niliulizia kwenye gari tukitoka dukani, nikasema hivi kitu gani hasa kinakukera, nikanyamaza. Miaka yote nlikuwa najua ni uoga, kumbe mwenzangu anapiga hesabu! Tulikuwa tunajenga Mwanza, Buswelu, nyumba imefika kwenye lenta imekaa, na yeye kila nikitaja bei ya tiketi kichwani anaibadilisha kuwa mifuko ya simenti. Tiketi mbili, mifuko kadhaa. Hoteli, mabati. Sasa mtu wa namna hiyo unamwonyesha rolakosta ya nini?

Hatua ya 2: Weka hesabu mezani, zote, hata zinazouma

Kama tatizo ni hela usifiche hata senti. Mtu akija kugundua gharama mlangoni umemkosa mazima. Mi niliandika kwenye daftari, tukakubaliana simenti kwanza, yaani hela ya nyumbani inatoka mwezi unapoanza kama kawaida, alafu ya Orlando inawekwa kidogo kidogo kutoka kwenye overtaimu zangu. Tulichukua karibu mwaka mzima na hakuna aliyelalamika.

Vitu vya kuweka kwenye hiyo hesabu kwa Walt Disney World, zile paki za Disney za Orlando (ndo naijua zaidi):

Tiketi bei yake inafuata tarehe. Ya siku moja wiki ya Krismasi na ya siku moja Septemba ni vitu viwili tofauti. Ukinunua za siku nyingi kwa mpigo bei ya kila siku moja inashuka. Mtoto aliye chini ya miaka 3 haingii kwenye hesabu, anaingia bure, na kuanzia miaka 10 anahesabika mtu mzima, kwahiyo kama mtoto anakaribia hiyo mipaka harakisheni. Sisi tulimuwahi Nuru, mtoto wetu, akiwa na miaka miwili na nusu, baba yake alifurahi kuliko alivyofurahia kitu kingine chochote kwenye ile safari ha ha.

Maegesho ya gari unalipia kwa siku, ila ukilala kwenye hoteli zao wenyewe hulipi ukienda kwenye paki.

Usafiri, kama uko Atlanta endesha. Ni maili 440 hivi, unashika barabara kuu ya I-75 alafu Turnpike, ile ya kulipia, masaa saba na kusimama kula. Ndege kwa watu watatu na gari la kukodi ukifika, hapana.

Na chakula, hapa ndo niliposhinda kesi. Disney wanaruhusu kuingia na chakula chako! Hawataki pombe, vyupa vya glasi na barafu iliyomwagwa wazi kwenye kibegi, basi. Alafu kwenye vibanda vyao vya chakula ukiomba kikombe cha maji ya barafu wanakupa bure. Nikapika chapati, nikafunga na maharage makavu makavu, na mayai ya kuchemsha. Baba Nuru amekaa kwenye benchi mbele ya ile ngome ya Magic Kingdom, paki yao ya kwanza, anakula chapati na maji ya bure, pembeni watu wanatoa dola kwa ajili ya soseji, nilimwangalia usoni nikajua huyu mtu ameanza kulainika. Mwenyewe alisema "hapa tumewaweza."

(Universal, wale wenye paki nyingine hapo hapo Orlando, wao ni wakali zaidi, vitafunio vidogo sawa, chakula kamili cha kubeba hapana. Ulizia kabla hujapika.)

Hatua ya 3: Tarehe, tarehe, tarehe

Sasa niwaambie lile janga. Kabla Nuru hajazaliwa nilimlazimisha tukaenda paki moja nisiyoitaja, tarehe 28 Desemba, kwasababu wote tulikuwa na likizo. Nani alinishauri sijui. Watu wale! Yaani kutembea tu ilikuwa kama Kariakoo siku ya mkesha wa Idi. Tulipanga foleni masaa mawili kwa mchezo wa dakika tatu, tumebakiza kama watu ishirini mbele yetu, taa zikawaka, sauti ikasema mchezo umepata hitilafu tafadhali rudini baadae. Mume wangu hakugomba. Angegomba ningepona. Alisema tu polepole "hata Busisi hatungoji hivi."

Wasioijua Busisi ni kile kivuko cha kutoka Kigongo, njia ya Mwanza kwenda Sengerema na Geita, ambapo magari yalikuwa yanalala. Huo utani nimeubeba miaka. Kila nikitaja paki, "kama Busisi ile?" Na mwaka 2025 walipofungua daraja akanipigia simu niko kazini kuniambia eti Busisi wameshamaliza foleni, wamebaki watu wako wa Florida.

Kwahiyo: usimpeleke mtu wa mara ya kwanza kati ya Krismasi na mwaka mpya, wala wiki ya Pasaka, wala zile wiki za Machi shule zikifungwa. Nenda Septemba baada ya Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, watoto wamerudi shule, au Januari katikati. Ukweli usemwe, Septemba ni joto kama Tanga mwezi wa pili, na mvua za radi mchana ni kawaida, na ni msimu wa vimbunga mpaka mwisho wa Novemba, kwahiyo kata hoteli unayoweza kughairi. Lakini kati ya jasho na foleni, mtu wa Mwanza alichagua jasho.

Kuna kitu kinaitwa Lightning Lane, unalipa zaidi unapita njia fupi. Bei inabadilika kila siku. Waliolala hoteli za Disney wanaweza kukata siku 7 kabla, wengine siku 3 kabla. Ushauri wangu, kwa mtu wa hesabu usinunue siku zote, nunua siku moja tu, ile ya Magic Kingdom, na iweke ndani ya bajeti toka mwanzo isije ikamrukia simuni saa moja asubuhi. Siku nyingine amkeni mapema. Saa ya kwanza baada ya kufungua ina thamani kuliko masaa matatu ya mchana.

Hatua ya 4: Tafuta mlango wake, sio wako

Hii ndo hatua yenyewe, hizo nyingine ni za kusafisha njia.

Mi napenda kurushwa. Yeye hapendi, na hatopenda, nimekubali. Kwahiyo niliacha kujiuliza nitampandishaje rolakosta nikajiuliza, huyu mtu akiwa na siku yake huru anaangalia nini? Jibu: samaki, mashamba, na mijadala ya jinsi kitu kilivyojengwa. Haya, ndani ya paki kuna nini cha samaki na mashamba? Kipo.

EPCOT, ile paki ya pili waliyofungua 1982, ina mchezo unaitwa Living with the Land. Vijana wanaupita bila kuangalia maana hauna kasi, ni boti inayotembea taratibu. Inaingia ndani ya mabanda ya kilimo ya kweli, nyanya zimening'inia, mimea mizizi iko hewani haina udongo kabisa, maboga yanaota kwenye kamba, alafu mnapita kwenye matenki ya samaki. Baba Nuru aliona samaki akasimama nusu, nikamvuta shati akae, akasema kwa sauti boti zima likageuka, "sato hawa! mama Nuru, sato!" Nilimwambia hayo si mazingira ya kupiga kelele. Tulipanda mara tatu siku ile. Mara ya tatu alikuwa anamweleza mzee mmoja Mmarekani habari za ziwa Victoria, na yule mzee anasikiliza kweli.

Alafu Animal Kingdom, paki yao ya wanyama, hii sisi Waswahili tunayo haki nayo. Ilifunguliwa 1998, na sehemu yake ya Afrika ni mji wa kubuni unaoitwa Harambe, umejengwa kwa kuiga miji ya pwani yetu kama Lamu, kuta zimechujuka chokaa makusudi, na mabango ya Kiswahili kila mahali. Mi wa Tanga niligeuka mtoto. Kuna kibanda kinaitwa Tamu Tamu, kuna Dawa Bar, kuna duka la Mombasa. Mume wangu alianza kusahihisha, "Harambe? Mbona 'e' moja, Wakenya wanaandika mbili," akazunguka mji mzima anasoma bango kwa bango kama mwalimu anasahihisha madaftari, na jamani alikuwa anafurahi mpaka basi. Usimkatishe mtu wa namna hiyo. Kulalamika kwa furaha ni dalili nzuri.

Nilichomkasirikia Disney ni kimoja tu, njia ya kwenda kuona gorila zamani iliitwa Pangani, mwaka 2016 wakaibadilisha jina. Najua Pangani yetu haina gorila hata mmoja lakini roho iliniuma.

Pale pale Harambe ndo unapanda Kilimanjaro Safaris, malori ya wazi yanayopita kwenye ekari 110 zenye wanyama wa kweli, dakika kama 20. Yeye alikuwa ameshaanza, "mimi Serengeti iko nyuma ya nyumba yetu, nilipie kuona twiga Marekani?" Na ni kweli geti la Ndabaka liko pale pale barabara ya Mwanza Musoma, amepita na basi mara mia. Tukapanda asubuhi, ndo wanyama wanatembea tembea. Twiga akaja karibu, viboko, tembo, alafu faru. Akanyamaza. Tulivyoshuka akaniambia taratibu kwamba yeye kusema kweli hajawahi kuingia Serengeti hata siku moja, anaiona kwenye dirisha la basi tu, na faru ndo kamwona leo. Mtu wa Mwanza, faru wake wa kwanza Florida. Tulicheka lakini nyie, ilitugusa. Toka siku ile tumeweka na daftari la pili, la Serengeti.

Kwahiyo wa kwako mlango wake uko wapi? Kama ni fundi, mtu wa mbao na plasta, mpeleke banda la Morocco pale EPCOT, mfalme Hassan II alituma mafundi wake mwenyewe kuja kuweka vile vigae na nakshi. Kama anapenda mambo ya kale ya Marekani kuna Carousel of Progress, imetoka kwenye maonyesho ya dunia ya New York ya 1964, ni ya kukaa, ina kipupwe, na wengi wanalala humo. Mke wako anapenda kula? Mnaweza kwenda hoteli ya Animal Kingdom Lodge hata bila tiketi ya paki, kuna migahawa inaitwa Boma, Jiko na Sanaa, mnakata meza siku 60 kabla, na mkishiba mnatoka kwenye baraza kuangalia twiga wanakula majani. Siku ya kupumzika sisi tulifanya hivo.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza iwe fupi

Miguu ikiuma mapenzi yanaisha. Saa yangu ilihesabu hatua zaidi ya elfu ishirini siku moja, na mume wangu alikuja na viatu vipya, vya ngozi! Nilinyamaza kosa langu. Viatu vilivyozoeleka, plasta za malengelenge, soksi za akiba, koti la mvua la plastiki la kununua dukani kabla (mule ndani bei nyingine). Ingieni asubuhi, mkifika saa saba mchana rudini hoteli mlale. Ndio, mlale. Jua na ile mvua ya radi vinawapita mkiwa kitandani, na michezo mingi ya nje inasimama radi ikipiga kwahiyo hamkosi kitu. Rudini saa kumi na moja jioni. Mtu aliyelala anaangalia fataki za usiku kama mtoto, asiyelala anaangalia saa.

Hatua ya 6: Usimpandishe kwa ujanja

Kumwambia "huu hauendi kasi" wakati unajua unaenda, hiyo ni dhambi ya ndoa. Akishuka anatetemeka hatokuamini tena hata ukimwambia supu haina pilipili. Anzeni na vya kukaa na boti, PeopleMover, Jungle Cruise, alafu Haunted Mansion, akitaka zaidi aseme mwenyewe. Walio Ghuba wanaosoma hii, nawaona, mna Ferrari World pale Abu Dhabi, tafadhali usianze na rolakosta yao ya Formula Rossa, ile inafika kilomita 240 kwa saa. Warner Bros. World, paki nyingine, iko kisiwa hicho hicho cha Yas, yote ndani kwenye kipupwe, anzia hapo.

Na wewe unayependa kurushwa usijinyime ukaanza kununa. Expedition Everest, rolakosta ya pale Animal Kingdom, ina foleni ya wanaopanda peke yao, inaenda haraka, mi namwacha baba Nuru kwenye kivuli na kahawa yake na Nuru, narudi nywele zimesimama. Kama wote mnapenda kupanda na mtoto ni mdogo, muulize mfanyakazi wa mlangoni habari ya Rider Switch, mmoja anapanda mwingine anabaki na mtoto, mkibadilishana wa pili hapangi foleni upya.

Hatua ya 7: Mpe usukani

Usiku wa pili nilimpa simu yenye ile aplikesheni ya Disney, inaonyesha kila mchezo foleni yake ni dakika ngapi. Nikasema mi nimechoka we tupangie kesho. Weee! Mtu wa hesabu umempa namba zinazobadilika kila dakika kumi. Hakulala. Asubuhi alikuwa na mpango kwenye karatasi, kushoto mchezo kulia saa, na tukafanya michezo tisa kabla ya chakula cha mchana. Ule mchezo haukuwa wangu tena, alikuwa anashindana na Busisi.

Ila hapo jiandae, atakuwa mkali. "Mama Nuru chooni dakika tano." Vumilia, ndo ulichoomba.

Hatua ya 8: Akishapenda, funga mdomo

Usimkumbushe maneno yake. Usiseme si nilikwambia, usiwahadithie shemeji zako mbele yake alivyokuwa anakataa, angalau mwaka wa kwanza. Mtu mzima akibadilisha mawazo apewe nafasi ya kudhani ni yeye aliyegundua.

Juzi hapa mama mkwe kapata viza, anakuja mwezi wa tisa kutoka Mwanza. Nilikuwa jikoni nakanda unga, baba Nuru akaja amesimama mlangoni na simu mkononi, anauliza eti umeona pale getini wanakodisha viti vya magurudumu, na bibi akikaa pale mbele kwenye lile lori atamwona faru vizuri au akae pembeni? Nikamwambia pembeni. Akasema sawa, basi akatoka, nikaendelea kukanda.